Mwongozo, daftari, kundi au mduara: njia nne za kukihoji kitabu cha Kiingereza

Utotoni sote tulijua kuuliza. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitikia "Tega!", na anayetega ndiye mwenye nguvu. Wakishindwa wanampa mji, na akiwa mjeuri anaukataa mpaka apewe mkubwa zaidi. Ukiingia darasa la Kiingereza la sekondari unaukuta mchezo ule ule, ila mtegaji ni mmoja siku zote. Mwalimu anatega, darasa linatoa mji. Anatega tena, tunatoa mwingine. Tukifika kidato cha nne tumeshagawa nchi nzima na hatujawahi kutega hata kimoja.

Tanzania, mtoto wa shule ya serikali kwa kawaida husoma kwa Kiswahili mpaka amalize msingi, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza, Kiswahili chenyewe kikibaki. Aliyekuwa mdadisi darasa la tano anakuwa bubu ndani ya muhula mmoja. Maswali anayo, ila yamo kwa Kiswahili na mlango wa darasa unafunguka kwa Kiingereza tu. Kenya Kiingereza huanza kufundishia mapema zaidi, lakini ukimya juu ya vitabu teule unafanana, kwa kuwa karatasi ya tatu ya Kiingereza kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inadai insha juu ya vitabu hivyo na kila mtu anakimbilia majibu ya miaka iliyopita.

Wakubwa wameliona hili siku nyingi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alitaka shule zijenge akili ya kudadisi, mtu ajifunze kwa wengine na akatae au arekebishe yasiyomfaa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika Kenya nchi nzima 2019 umeiweka tafakuri tunduizi, yaani kufikiri kwa kuhoji na kupima, kati ya stadi zake saba kuu. Maneno yapo. Kazi ipo Jumanne saa nne asubuhi, wanafunzi 80 darasani, vitabu 20, kipindi cha dakika 40.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo mwanafunzi, mwalimu au mzazi anaweza kuchagua ili kitabu kilichopangwa kiulizwe maswali badala ya kumezwa. Nimezitumia zote, kwanza nikiwa mwanafunzi na sasa nikiwa mwalimu, na hakuna ambayo haijawahi kuniangusha.

Ipo ya tano ambayo wengi mmefundishwa kwenye semina za mbinu za kusoma: pitia, uliza, soma, sema bila kuangalia, rudia. Ilitungwa na Francis Robinson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, na kitabu chake kikatoka 1946. Nimeiacha makusudi. Inataka uchukue kichwa cha kila sehemu ukigeuze kuwa swali, jambo linalokubali kwenye Biolojia au Jiografia. Hadithi haina vichwa vya kugeuza.

Hadithi tutakayoitumia

Ili mizani iwe moja, nimetunga kihadithi kifupi. Chukulia umekikuta kwa Kiingereza kwenye kitabu cha darasani.

Msimulizi ni kijana. Nyumbani kwao kuna ng'ombe anayeitwa Tumaini, na baiskeli moja ambayo dada yake huitumia kupeleka maziwa alfajiri. Mwezi wa pili "baiskeli iliuzwa", ada ikalipwa, kijana akaenda bweni. Likizo anarudi na viatu vipya. Dada anapeleka maziwa kwa miguu. Usiku, wakila, baba anasema: "Sote tumetoa kitu." Kijana anaviacha viatu mlangoni. Asubuhi havipo. Hakuna anayeuliza.

Basi, imeisha.

Tunapima kwa nini

Muda na gharama, kwa sababu njia nzuri isiyoingia kwenye ratiba haikusaidii kitu.

Lugha: swali linazaliwa kwa lugha gani, na linafikaje kwenye Kiingereza.

Woga: nani anabaki kimya ukitumia njia hii.

Mtihani: kitu gani kinabaki mkononi siku ya karatasi.

Na kubwa kuliko yote, swali linakupeleka wapi. Hapa naazima mpango wa Taffy Raphael, mtafiti wa Marekani aliyeuandika miaka ya 1980, kwa sababu ni rahisi hata kwa kidato cha kwanza. Alisema majibu yana makazi manne. La kwanza liko pale pale kwenye mstari: baiskeli iliuzwa mwezi gani? La pili limetawanyika, inabidi uunganishe kurasa: maisha ya dada yalibadilikaje? La tatu liko kati yako na mwandishi: kwa nini kaandika "iliuzwa" na hakusema aliyeiuza? La nne liko kwako peke yako: je, ni haki kumsomesha mtoto mmoja kwa jasho la mwingine?

Hilo la nne ndilo linalotuhadaa. Linasikika kuwa la kina, darasa linachangamka, mikono inapanda. Lakini unaweza kulijibu bila kufungua kitabu. Swali la makazi ya tatu ndilo gumu na ndilo lenye faida, kwa kuwa haliwezi kujibiwa bila kurudi kwenye maneno, na maneno peke yake hayalimalizi. Njia zote nne hapa chini nazipima zaidi kwa hilo.

Mwongozo

Ni kile kitabu chembamba cha stendi au duka la vifaa vya shule: muhtasari wa kila sura, wahusika, dhamira, maswali na majibu yake. Siku hizi unapita kwenye WhatsApp kwa picha za simu. Walimu huusema vibaya mbele ya darasa kisha wanaufungia kwenye droo zao. Tuutendee haki.

Muda na gharama. Hakuna unaoushinda. Jioni mbili unajua kitabu kinahusu nini, na ukikosa riwaya yenyewe, ndio pekee unaoweza kuupata.

Lugha. Hapa ndipo nguvu yake ilipo, na wanaoudharau huisahau. Mwanafunzi anaweza kuelewa hadithi vizuri kabisa na akashindwa kuizungumzia, kwa sababu hajui Kiingereza cha kusema dhamira, mgogoro, msimulizi, kejeli. Mwongozo unampa msamiati huo ukiwa tayari ndani ya sentensi.

Swali linakupeleka wapi. Makazi ya kwanza na ya pili. La tatu likijitokeza, jibu linalifuata mstari unaofuata, kabla hujapumua. Kwa hadithi yetu mwongozo ungeandika: dhamira ni umuhimu wa elimu na kujitolea kwa familia. Ukiangalia vizuri, hayo ni maoni ya baba. Umechukua kauli ya mhusika mmoja ukamsingizia mwandishi, na kwa kuwa imepigwa chapa, umeiamini.

Woga. Hakuna. Karatasi haikucheki, na kwa mtu aliyewahi kuzomewa kwa matamshi yake hilo ni jambo kubwa.

Mtihani. Unakupa umbo la jibu. Unampa pia umbo hilo hilo aliye mbele yako na aliye nyuma yako, na msahihishaji anawasoma wote mfululizo.

Unamfaa aliyechelewa, asiye na mwalimu wa somo, au anayejua analotaka kusema ila hana maneno. Ukiutumia, uanzie mwisho: soma sura kwanza, kisha chukua kila dai la mwongozo uliulize "mstari upi?" Madai mengine yatakosa mstari. Hayo ndiyo ya kuhoji.

Daftari la safu mbili

Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto unanakili sentensi ya kitabu kama ilivyo, na namba ya ukurasa. Kulia unaandika unachouliza. Mbinu hii hutajwa sana pamoja na jina la Ann Berthoff, mwalimu wa uandishi wa Marekani, ingawa wazee waliosoma madrasa watakwambia kuandika pembeni mwa matini hakukuanzia huko.

Swali linakupeleka wapi. Naanza na hili kwa sababu daftari linashinda hapa. Kunakili kunakulazimisha kuona neno moja moja. Mwanafunzi wangu mmoja alinakili sentensi ya baiskeli, na kulia akaandika maneno mawili: "Na nani?" Basi. Kiswahili chetu kimezoea kumalizia kitenzi cha namna hiyo. Mtu akisema "nimeibiwa", swali linatoka lenyewe. Kitabu kilinyamaza, sikio lake likadai kilichokosekana. Mwingine alinakili jina la ng'ombe, kulia akauliza: "Mbona ng'ombe ana jina na dada hana?" Mimi niliyeitunga hadithi niliweka jina la ng'ombe bila kufikiri sana. Nikaona aibu kidogo, na furaha zaidi.

Lugha. Safu ya kushoto ni Kiingereza, haina mjadala. Ya kulia naruhusu lugha yoyote: Kiswahili, Kisukuma, mchanganyiko, michoro. Walimu wenzangu wengine hawakubaliani nami, wanasema mtoto hatajifunza. Nasema swali likizaliwa zima kwa Kiswahili lina nafasi ya kukua na kuvaa Kiingereza baadaye. Likilazimishwa kuzaliwa kwa Kiingereza, litatoka lile analoweza kulitamka, si lile analojiuliza. Hata mahali unaposhindwa kutafsiri ni swali. Ukikwama, zungushia duara hapo hapo.

Muda na gharama. Daftari la bei ya kawaida na subira. Kurasa kumi zinaweza kula jioni nzima, kwa hiyo usijaribu kwa riwaya yote. Chagua kurasa mbili au tatu kwa kila sura.

Woga. Ni siri yako. Kwa mtu mkimya ni ukombozi, lakini siri ina hatari yake: hakuna wa kukurekebisha. Nikiwa kidato cha pili nilijaza ukurasa mzima nikimshambulia mhusika kwa tamaa, eti anadai pesa ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyeazima. Kumbe aliazimwa na mwenzake, yeye ndiye mwenye pesa. "Kuazima" kwetu kunaweza kubeba pande zote mbili, wa kutoa na wa kupokea. Kiingereza kina vitenzi viwili tofauti, na mimi nilivibadilisha. Ukurasa wangu ulikuwa na hoja nzuri sana juu ya jambo ambalo halikutokea.

Mtihani. Siku ya insha una mistari iliyonakiliwa kwa mkono wako. Mkono unakumbuka.

Linamfaa anayesoma peke yake, mwenye haya, na mwenye kitabu chake au anayeweza kukikopa usiku mmoja. Haliwafai watano wenye kitabu kimoja.

Kundi la zamu nne

Mwaka 1984 watafiti Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha kazi yao na wanafunzi wa Marekani wenye tatizo ambalo mwalimu yeyote wa sekondari zetu atalitambua: walisoma kwa sauti vizuri, lakini ukiwauliza wamesoma nini, hakuna. Mkisoma aya, mmoja anatabiri kinachokuja, mmoja anauliza, mmoja anafafanua palipo pagumu, mmoja anafupisha. Aya inayofuata mnabadilishana. Mwanzoni mwalimu anafanya kazi hizo mwenyewe kwa sauti, darasa likitazama, kisha anaachia kidogo kidogo.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayorukwa. Mwalimu anagawa makundi siku ya kwanza, anaandika majukumu ubaoni, anatoka kwenda ofisini. Akirudi anakuta kundi moja linanakili, jingine linapiga soga, na yule mwenye Kiingereza kizuri anafanya kazi zote nne kwa niaba ya wenzake. Halafu mbinu inalaumiwa.

Woga. Hapa kundi lina hila nzuri. Aliyepewa zamu ya kuuliza haulizi kwa kuwa hajui. Anauliza kwa kuwa ndiyo kazi yake. Hakuna wa kumcheka. Nimeona wanafunzi ambao hawajawahi kuinua mkono wakiuliza kwa ukali kama askari wa barabarani, kwa sababu tu zamu imewaangukia.

Lugha. Mfafanuzi anaokoa jahazi. Anaruhusiwa Kiswahili, kamusi, mkono, chochote. Mfupishaji yeye anatakiwa amalizie kwa sentensi moja ya Kiingereza. Kwa mpango huo Kiswahili kinafanya kazi ya kati na Kiingereza kinafunga, na hakuna anayehisi amevunja sheria.

Swali linakupeleka wapi. Inategemea kundi limeonyeshwa nini. Lisipoonyeshwa, litabaki makazi ya kwanza: nani, lini, wapi. Likionyeshwa, husikika mazungumzo kama haya, ambayo nimeyasikia mwenyewe kuhusu baiskeli yetu:

"Nani kaiuza?"

"Baba."

"Wapi pamesema baba?"

Kimya. Vichwa vinne vikarudi juu ya ukurasa mmoja. Baadaye mmoja akasema taratibu, "Labda dada mwenyewe." Sikuwa nimeliwaza hilo hata mimi. Na ukilifikiria, "Sote tumetoa kitu" inabadilika rangi kabisa.

Muda na gharama. Wiki za mwanzo kurasa mbili zinamaliza kipindi. Baadaye kunakuwa na kasi. Kwa upande wa vitabu ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, kwani kitabu kimoja kinatosha watu wanne au watano.

Mtihani. Inasaidia sana maswali ya ufahamu na ufupisho, kiasi kwenye insha.

Inawafaa madarasa makubwa yenye vitabu vichache, na marafiki wanaosoma pamoja jioni. Haimfai asiyeweza kukutana na mtu.

Mduara wa swali moja

Watu wa pwani wataiita baraza, bara wataiita kijiwe, ila hapa kila mmoja ameshika kitabu. Wote wamesoma kabla. Mwalimu, au mwanafunzi, anaweka swali moja la wazi katikati, kisha ananyamaza. Sharti ni moja: ukisema jambo, onyesha mstari. Marekani mtindo huu ulipigiwa debe na Mortimer Adler miaka ya 1980 kwa jina la Socrates, mwanafalsafa wa kale aliyewaudhi watu wa Athens kwa kuuliza mpaka wakamhukumu kifo mwaka 399 kabla ya Kristo. Kidato cha tatu hupenda kujua hilo.

Swali linakupeleka wapi. Likiwekwa vizuri, mduara unakaa makazi ya tatu muda mrefu kuliko njia yoyote. "Baba anasema sote tumetoa. Kijana alitoa nini?" Mmoja anasema alitoa viatu. Mwenzake anamkatalia: kutoa na kuchukuliwa ni vitu viwili. Wa tatu anauliza kwa nini aviache mlangoni kama si kutaka vichukuliwe. Hapo wanasoma kwelikweli.

Lakini mduara unateleza kirahisi kwenda makazi ya nne. Siku moja niliuliza kama baba alifanya haki. Kipindi kiliwaka moto. Walizungumzia mila, mahari, wasichana na shule, wajomba zao, serikali. Nikatoka darasani najiona mwalimu hodari. Jioni nikisahihisha niligundua kuwa wengi wao hawakuwa wamesoma hadithi hata mara moja, na hawakuihitaji.

Lugha. Ndiyo njia ngumu kuliko zote. Kwenye shule ambazo anayekamatwa akiongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni, mduara unakuwa wa watu watatu waliokulia nyumba zenye Kiingereza, na wengine ni watazamaji. Ninachofanya mimi ni mizunguko miwili: dakika 10 za Kiswahili, kisha hoja zile zile zinarudi kwa Kiingereza, ruhusa kusoma kwenye karatasi. Mzunguko wa pili ni mfupi na wenye makosa mengi ya sarufi, na siyagusi mpaka kengele ilie.

Woga. Mkubwa. Uso kwa uso hakuna pa kujificha. Ukiwa na darasa la 80, weka mduara wa ndani wa watu 12 unaozungumza, na wa nje unaoandika swali moja kila mtu, kisha wabadilishane.

Muda na gharama. Kila mtu awe amesoma, maana yake kila mtu awe amepata kitabu. Hilo peke yake huondoa shule nyingi, isipokuwa ukitumia hadithi fupi ya ukurasa mmoja iliyorudufiwa. Unahitaji pia vipindi viwili vilivyoungana.

Mtihani. Hakubaki kitu mkononi usipoandika aya moja siku hiyo hiyo. Ukiandika, unakuwa na hoja ambayo haimo kwenye mwongozo wowote.

Unawafaa madarasa madogo, kidato cha tano na sita, klabu za kusoma, na watu ambao tayari wanaaminiana.

Kwa hali yako

Mtihani uko wiki mbili mbele na kitabu hujakimaliza: chukua mwongozo, bila aibu. Soma mwenyewe sura ya kwanza, ya mwisho na moja ya katikati, na kwa hizo tatu fungua safu mbili. Insha yenye mistari michache uliyoiona kwa macho yako itasimama vizuri kuliko muhtasari wa kitabu kizima.

Wewe ni mtahiniwa wa kujitegemea, unafanya kazi mchana na kusoma usiku: daftari. Tafuta mtu mmoja tu, hata kwa simu, wa kumsomea safu ya kulia mara moja kwa wiki, ili yasikupate ya kuazima yaliyonipata mimi.

Unafundisha darasa kubwa na vitabu havifiki robo ya wanafunzi: kundi, lakini tenga vipindi vitatu vizima vya kuonyesha wewe mwenyewe kabla ya kuwaachia. Mkuu wa idara akiuliza mbona hujasonga mbele, mwonyeshe maswali yao ya wiki ya kwanza na ya wiki ya nne.

Una darasa dogo linaloelewana, au mnasoma kidato cha sita: mduara, kila mmoja akiwa na swali moja alilotoa kwenye daftari lake usiku uliotangulia. Usiweke swali la haki na dhuluma kwanza. Anza na neno.

Wewe ni mwanafunzi uliyehamia Marekani na familia kutoka Kongo, na mwalimu wako anatoa alama za kuchangia darasani: huko mduara mara nyingi huuchagui, umewekwa tayari. Nenda na safu mbili, na andika swali lako la Kiingereza kabla hujaingia. Liulize mapema, katika dakika tano za mwanzo, kabla wasemaji hawajashika kasi. Mwalimu wa huko kwa kawaida hachukulii swali kuwa utovu wa adabu. Huchukulia ukimya kuwa hujasoma.

Wewe ni mwanafunzi unayependa kuuliza na mwalimu wako hapendi: baki na daftari na marafiki wawili wa kundi jioni. Darasani mpelekee swali moja kwa wiki, baada ya kipindi, kwa heshima zote: "Shikamoo mwalimu, kuna mstari umenitatiza." Ukianza na mstari, hata mwalimu mkali hushika kitabu kuutafuta.

Na kama wewe ni mzazi usiyejua Kiingereza, usidhani haikuhusu. Jioni mwambie mtoto akusimulie alichosoma, kwa Kiswahili. Mkatize kama ambavyo ungemkatiza jirani anayekuletea umbea: "Ehe, halafu?" "Kwa nini akafanya hivyo?" "Wewe nani kakwambia?" Akijibu "kitabuni", mtume akakilete, aweke kidole kwenye mstari wenyewe na akutafsirie neno kwa neno.